Usirudi nyumbani ndani ya gari la fagio

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Kocha, shikamoo. Nina miaka 22, nimeshindana mbio za baiskeli za siku moja kwa miaka mitatu. Wiki nane zijazo naenda na timu nje ya nchi kwenye mashindano ya hatua sita, siku sita mfululizo. Wenzangu wawili walienda mwaka jana, mmoja akatolewa siku ya pili, mwingine ya tatu, na wote wawili wananishinda mimi. Nifanye nini nisirudi kama wao? Nile nini? Na swali dogo: timu imetupa viatu vipya, niende navyo au nibaki na vya zamani?"

Marahaba, kijana wangu, na hongera kwa kuchaguliwa. Swali la viatu si dogo, ila nitaliweka mwisho.

Nianze na gari la fagio, maana nimewahi kulipanda. Ni basi dogo linalofuata nyuma kabisa ya msafara, kazi yake kuwazoa wanaoshindwa. Ukishuka kwenye baiskeli, mwamuzi anakuja kukuvua namba ya mgongoni. Yule wangu alifungua pini moja moja, taratibu, kama muuguzi anayebandua plasta, akazitia mfukoni, kisha akanifungulia mlango. Ndani nilikuta watatu. Hakuna aliyesalimia. Ilikuwa siku ya tatu ya mashindano yangu ya kwanza ugenini, na jioni hotelini ndipo nilipogundua kwamba sisi wanne tulikuwa na kisa kimoja: siku ya kwanza wote tulikuwa mbele.

Mimi nilichomoka kilomita ya nane. Miguu ilikuwa haijaguswa, helikopta ipo juu, watu barabarani wanapiga kelele. Tulikaa mbele watano kwa zaidi ya saa mbili, kundi likatunasa kama lilivyokuwa limepanga tangu mwanzo, nikamaliza katikati ya watu nikiwa na furaha tele. Usiku nilikula vijiko vichache nikaacha, kwa sababu nilichoka hata kutafuna. Kesho yake nilikagua breki mara mbili nikidhani inagusa gurudumu. Haikugusa.

Kwa hiyo naomba uwatazame wenzako kwa jicho lingine. Sidhani kama walitolewa siku ya pili na ya tatu. Walitolewa siku ya kwanza, matokeo ndiyo yaliyochelewa. Na kwamba wanakushinda haikusaidii wala haikudhuru, maana huko unakokwenda hakuna anayepima nani ana nguvu zaidi siku ya kwanza. Kwenye mbio za siku moja, ukivuka mstari ukiwa na akiba, umekosea hesabu. Huku akiba ndiyo unayoilinda kila saa: jinsi unavyokaa kwenye kundi, unavyopanda mlima, unavyokula, hata unavyopanda ngazi za hoteli.

Tuanze na kundi. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walipima upepo ndani ya kundi la waendeshaji 121, kwa kompyuta na kwa mifano midogo kwenye handaki la upepo. Walikuta kwamba aliyejificha vizuri ndani anapambana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upepo ambao angekutana nao akiwa peke yake. Kundi linakwenda kilomita 54 kwa saa, yeye mwilini anahisi kama anaendesha kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Soma tena tarakimu hizo kila utakapowashwa na hamu ya kutoka pembeni ili uonekane.

Lakini kujificha si kukaa mkiani. Mkia wa kundi ni kama mpira wa kuvuta. Wa mbele wakikata kona bila kushika breki, wa nyuma wanabanana, wanasimama karibu kabisa, kisha wanalazimika kuruka kwa nguvu zote kuwafikia. Kona 60 kwa siku ni miruko 60 ambayo aliye mbele hakuiruka hata mmoja. Na mtu akianguka au kundi likikatika, ni wewe uliye nyuma ya pengo. Kaa theluthi ya mbele. Utasukumwa, utapoteza nafasi, utarudi tena. Kazi hiyo ya kurudi ina gharama, lakini ni nafuu kuliko ya mkiani. Siku upepo unavuma kutoka ubavuni ndiyo mbaya zaidi, maana waendeshaji hujipanga kwa mshazari, barabara inajaa, na aliyekosa nafasi kwenye mshazari anabaki ukingoni bila kinga yoyote ya upepo. Ramani ya hatua isome usiku ukiwa na utabiri wa upepo mkononi. Barabara ikigeuka kwenye eneo la wazi, uwe mbele kilomita tano kabla ya kona, si baada yake.

Sasa hesabu ambayo wenzako labda hawakufundishwa. Kila hatua ina kikomo cha muda. Mshindi akishafika, unapewa asilimia fulani ya muda wake uwe umeingia. Ukichelewa, kesho huanzi. Asilimia hizo zimeandikwa kwenye kitabu cha mashindano, hatua kwa hatua, ndogo kwa tambarare na kubwa kwa milima. Tuseme mshindi ametumia saa 4 na kikomo ni asilimia 12. Una dakika 28 na sekunde 48. Hatua nyingine ya milima ni fupi, mshindi anatumia saa 2 na dakika 45, asilimia ni ile ile: una dakika 19 na sekunde 48. Milima inaweza kuwa na urefu ule ule, wewe umeibiwa dakika tisa. Wageni wengi huogopa hatua ndefu. Mimi naogopa fupi.

Vuelta a España ya 2016, mashindano makubwa ya Hispania, ilionyesha hilo kwenye hatua ya 15, kilomita 118.5 kwenda Formigal. Alberto Contador na Nairo Quintana, wapanda milima hodari, walianzisha vita mapema sana, kundi likapasuka, na waendeshaji 93 wakafika nje ya muda. Waamuzi waliwaruhusu kuendelea, maana kuwafukuza wote kungebakiza mashindano matupu. Tour de France ya 2011 ilikuwa hivyo hivyo kwenye mlima Galibier: 88 walichelewa, akiwemo Mark Cavendish, ambaye alikatwa pointi 20 lakini akabaki na jezi yake ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, hadi Paris. Usijifariji kwa visa hivyo. Huruma ile ni ya umati. Mkichelewa watatu, mtapewa pole na usafiri.

Ndiyo maana kuna kundi linaloitwa grupeto. Mlima mkubwa ukianza, wakali wa kasi ya mita za mwisho, majeruhi na waliomaliza kazi yao ya siku huachia kundi la mbele na kuungana nyuma. Humo hupatikana mtu mmoja, mara nyingi mwenye nywele za kijivu kidogo, anayejua hesabu. Wanapanda kwa mwendo usiobadilika, kisha wanashuka kwa kasi na kuvuta kwa zamu kwenye tambarare. Mtafute mtu huyo siku ya kwanza, kariri jezi yake. Kosa la mgeni ni kung'ang'ania kundi la mbele mpaka moyo unataka kutoka, kisha anakatika peke yake kati ya viongozi na grupeto, akipigana na upepo bila mwenzi. Ukiona hutafika nao kileleni, achia mapema ukiwa bado unaweza kuongea. Kwenye mlima wa kilomita 15, ukipoteza dakika moja kila kilomita, umepoteza 15. Kwa kikomo cha 28 bado una 13 za kutumia. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi uibandike juu ya fremu, kwa sababu mlimani hata kutoa 15 kwenye 28 kunashinda.

Kocha wako anaweza kukupangia kazi tofauti: kumkinga kiongozi, kubeba chupa, kufukuzia waliochomoka. Fanya uliyotumwa, lakini muulize kila asubuhi swali moja: "Kazi yangu leo inaishia kilomita ya ngapi?" Mtu asiyejua kazi yake inaishia wapi huendelea kuifanya mpaka anaanguka.

Chakula. Umeuliza ule nini, mimi nitakuambia kwanza lini. Mwaka 2013 Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, alikuwa na jezi ya njano ya kiongozi wa Tour de France akipanda mlima Alpe d'Huez kwa mara ya pili siku hiyo hiyo. Karibu na mwisho sukari ikamwishia. Mwenzake Richie Porte alirudi kwenye gari akamletea jeli, na kwa kuwa muda wa kupokea chakula ulikuwa umeshapita, wote wawili wakaadhibiwa sekunde 20. Alilipa kwa moyo mweupe, maana bila sukari ile angepoteza zaidi. Kama mtu mwenye timu nzima ya kumhudumia alifikwa na hilo, wewe na mimi tusijidanganye kwamba "nitakula nikisikia njaa". Ukisikia njaa kwenye baiskeli umeshachelewa nusu saa.

Lengo ni gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, kuanzia dakika ya 20 ya hatua. Ukipita 60, lazima iwe mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, kwa sababu utumbo una mlango mmoja wa glukosi nao una kikomo chake, fruktosi hupita mlango mwingine. Magwiji wengine siku hizi wanafika gramu 120. Usiige. Tumbo hufundishwa kama miguu: wiki nane hizi, kila safari ndefu ya mazoezi, kula kama utakavyokula kule, bidhaa zile zile, ukianza na 50 na kupanda polepole. Tumbo lisilozoea litakurudishia yote kilomita ya 90. Weka kengele kwenye kompyuta ya baiskeli kila dakika 20. Ikilia unakula, hata kama mbele watu wanachomoka.

Ila mlo unaoamua kama utaanza siku ya nne ni ule wa baada ya mstari. Misuli hupokea sukari kwa pupa katika saa za mwanzo, na lengo ni gramu moja hivi ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako, kila saa, kwa saa tatu au nne. Una kilo 62? Gramu 62 mara tu unaposhuka, kabla ya kuoga, kabla ya simu. Kinywaji kitamu kwanza, kwa kuwa kinywaji hakihitaji hamu. Halafu wali au tambi na protini kidogo ndani ya gari. Chakula cha jioni hotelini kinaweza kuwa baridi, kigeni na kisicho na chumvi. Kila mtu mezani atakilalamikia. Wewe kula. Siku ya nne utaona kitu cha ajabu: walio kwenye nafasi za juu wanakula kimya, sahani mbili, na wanaolalamika ni wale wanaokaribia kurudi nyumbani.

Na ugonjwa wa tumbo huja kwa njia usiyoifikiria. Mdomo wa chupa yako unarukiwa na maji ya barabarani, pamoja na kila kilichoachwa na ng'ombe na kondoo waliopita hapo asubuhi. Kunywa kwa kuikamua chupa bila kuweka mdomo, au mwaga tone la kwanza. Osha mikono kama daktari wa upasuaji. Usishirikiane chupa hata na mwenzako wa chumbani.

Wazee wa mchezo huu wana usemi: usisimame kama unaweza kukaa, usikae kama unaweza kulala. Vijana huucheka hadi siku ya tatu. Hatua ikiisha saa nane mchana, una kama saa ishirini kabla ya kuanza nyingine, lakini toa safari ya basi, kuoga, kukandwa, kula, kikao cha timu, kuamka na kula tena. Kinachobaki ni kidogo. Matembezi ya kuona mji yangoje siku ya saba. Hata jukwaani kuna hatari zake: Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya 10 ya Giro d'Italia, mashindano makubwa ya Italia, mwaka 2022, akafungua chupa ya mvinyo kusherehekea, kizibo kikamgonga jichoni, na safari yake ya Giro ikaishia pale. (Miaka miwili baadaye alichukua hatua tatu na jezi ya kijani ya Tour de France, kwa hiyo jicho lilipona.)

Usingizi wenyewe utakusumbua, na mara nyingi mchawi ni kafeini. Jeli nyingi za kilomita za mwisho zina kafeini, na nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baadaye. Uliyomeza saa tisa alasiri bado iko kazini wakati unajigeuza kitandani. Mimi ningeiweka kafeini akiba kwa siku mbili tu kati ya sita: siku ya kikomo kigumu na siku ya mwisho. Chukua vizibo vya masikio, na kama mzigo unaruhusu, mto wako mwenyewe. Usicheke.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne utatazama kipimo cha moyo utishike. Unasukuma kwa nguvu zote, lakini mapigo hayapandi. Yaliyokuwa 175 sasa yanagota 160. Si ugonjwa wala kipimo hakijaharibika. Mwili uliochoka hufanya hivyo. Kama una kipimo cha wati, yaani cha nguvu unazosukuma kwenye pedali, kiamini hicho. Kama huna, sikiliza pumzi. Kinachopaswa kukutisha ni kinyume chake: mapigo ya asubuhi kitandani yaliyopanda sana kuliko kawaida yako, pamoja na koo linalowasha. Hapo mwite daktari wa timu kabla ya chai.

Nisipoisema sehemu ya kukalia nitakuwa nimekuficha jambo. Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho ya Tour de France ya 1989 akiongoza kwa sekunde 50, zikiwa zimebaki kilomita 24.5 za kila mtu peke yake kushindana na saa. Alikuwa na kidonda pale anapokalia, hata kukaa kwenye tandiko kulimtesa. Akapoteza Tour nzima kwa sekunde 8 mbele ya Greg LeMond. LeMond alikuwa na usukani wa kisasa wa kujikunja mbele, kweli, na watu hubishana mpaka leo kuhusu kilichoamua. Mimi nikifikiria sekunde 8, nafikiria kile kidonda. Kaptula safi kila siku, bila mjadala. Paka krimu kabla ya kuanza. Ukifika, usikae na kaptula mbichi hata dakika kumi: vua, osha kwa sabuni isiyo na ukali, kausha kabisa, vaa kitu kikavu na chepesi. Ukihisi uvimbe mdogo kama punje, mwambie mhudumu wa timu jioni hiyo hiyo. Hakuna aibu, yeye ameona mengi kuliko unavyodhani.

Dawa nazo. Mafua yakikushika hotelini mtu mwema atakupa kidonge chake. Kataa mpaka daktari asome boksi. Pseudoephedrine, kama inavyoandikwa kwenye dawa nyingi za mafua, hairuhusiwi siku za mashindano ikizidi kiwango fulani kwenye mkojo. Tramadol, ile ya maumivu, imepigwa marufuku kwenye mashindano ya baiskeli tangu 2019, na kwenye mashindano ya michezo yote tangu mwanzo wa 2024. Na jambo ambalo wageni hulikosea kwa nia njema kabisa: dripu. Zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, isipokuwa kama unatibiwa hospitalini kwa utaratibu halali. "Nilikuwa nimeishiwa maji" haikubaliki kama utetezi ikiwa umetundikiwa chupa chumbani.

Msafara wa magari una adabu zake. Ukipata pancha, inua mkono, sogea pembeni upande ambao magari ya timu yanapita, na umwambie fundi kabla hajashuka kama ni gurudumu la mbele au la nyuma. Magari ya timu hupangwa kufuata nafasi ya mwendeshaji bora wa kila timu. Kama timu yenu ina nafasi mbaya, gari lenu ni la 18 au la 20 kwenye foleni, na pancha ya sekunde 30 inakuwa ya dakika mbili. Hapo utaelewa kwa nini kocha anang'aka kiongozi wenu akipoteza sekunde chache. Kurudi kupitia magari ni ruhusa ya kimyakimya. Kujificha nyuma ya gari moja kilomita nzima ni adhabu. Kwenye hatua za tambarare, ukianguka au kupata pancha ndani ya kilomita tatu za mwisho, kwa kawaida unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Kuna mashindano yanayosogeza hiyo hadi tano, na kwenye hatua zinazoishia kileleni haitumiki, kwa hiyo kitabu cha mashindano kisome wewe mwenyewe, usisimuliwe.

Usitupe chupa hovyo. Mwaka 2021 Michael Schär alitolewa kwenye Tour of Flanders, mbio za siku moja za Ubelgiji, kwa kuwatupia mashabiki chupa nje ya eneo lililotengwa. Tangu 2025 zipo pia kadi za njano kwenye mashindano ya ngazi ya juu. Mbili katika mashindano yale yale na umetoka, pamoja na kufungiwa siku saba. Saini karatasi ya kuanzia kila asubuhi. Hata urefu wa soksi hupimwa: zisivuke katikati ya kifundo cha mguu na goti. Mimi pia nilidhani ni utani.

Kuhusu wiki nane zako. Usiongeze tu kilomita. Kinachokosekana kwa mtu wa mbio za siku moja ni kurudia, kwa hiyo wiki ya tatu fanya siku tatu mfululizo ngumu, wiki ya tano siku nne, na wiki mbili za mwisho kabla ya safari punguza muda wa mazoezi karibu nusu huku ukibakiza vipande vifupi vya kasi. Kwenye siku hizo tatu au nne, ya kwanza iendeshe kwa kujizuia hadi ujione mjinga. Kipimo ni ya mwisho: kama saa ya mwisho ya siku ya nne wati zako kwenye mlima ule ule zimeshuka kidogo tu kuliko siku ya kwanza, upo tayari. Zikiwa zimeporomoka, hukula au ulianza kwa fujo. Fanya pia jambo moja la ajabu: zoea kulala chini mchana, miguu juu ya ukuta, dakika 20, bila simu. Ni ustadi, na wengi hawana.

Makaratasi nitapita haraka kwa kuwa timu inayashughulikia: leseni ya mwaka huu, barua ya ruhusa ya shirikisho lako, viza mapema. Bima ndiyo uikague mwenyewe, maana bima nyingi za safari huandika kwa herufi ndogo kwamba hazilipi ajali ya mashindano. Baiskeli kabla ya kuifungasha, zungushia nguzo ya siti utepe wa umeme mahali ilipoingia kwenye fremu, ili fundi asikisie urefu. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume. Betri za gia za umeme zikiwa nje ya baiskeli zinakwenda nawe ndani ya ndege. Na mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi, uliza shirika la ndege kabla, la sivyo itabaki kwenye kapu la uwanja.

Sasa viatu. Una wiki nane, kwa hiyo vivae vipya leo jioni. Hamisha kleti, vile vipande vya chini ya kiatu vinavyonasa pedali, kwa kuchora mstari wa kalamu kuzunguka za zamani, pima mara tatu, kisha endesha navyo saa moja, halafu mbili, halafu nne. Wiki ya tano, kama goti halijalalamika na vidole havifi ganzi, ni vyako. Kama kuna shaka hata kidogo, nenda na vya zamani, na timu ikinung'unika waambie nimekutuma mimi.

Ila vyovyote utakavyochagua, visiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Mwaka mmoja begi langu lilichelewa siku mbili nyuma yangu. Baiskeli ilifika, nguo nikapewa na timu, viatu nikaazima kwa mtu anayevaa namba moja zaidi, nikajaza pamba mbele. Nilimaliza, wa tatu kutoka mwisho, na goti la kulia lilichukua wiki sita kupona. Tangu safari hiyo viatu vyangu husafiri chini ya siti iliyo mbele yangu, na pasipoti imo ndani ya kile cha kushoto.